NYWELE ZA HYUMANI, DENI LA HARUSI, NA FOMU NILIYOSHINDWA KUTIA SAHIHI

HIVI dada yangu, unapokaa kwenye kiti pale saluni, ukachomoa laki nne na ushee ukanunua wigi la nywele za mtu, zile tunazoziita hyumani, umewahi kujiuliza huyo mtu mwenyewe ni nani? Yuko wapi? Na kwa nini alikubali kubaki na kichwa cheupe ili wewe upendeze kwenye kitchen pati?

Mimi sikuwahi. Wigi langu nililinunua Kariakoo, muuzaji akanihakikishia kuwa ni mali ya India kabisa, nikalipa, nikaondoka natingisha kichwa kama farasi. Habari ya mwenyewe nilikuja kuipata Februari 2025, tena sikuwa nimeifuata. Nilikuwa nimempeleka mama India, mji wa Chennai, kufanyiwa operesheni ya moyo. Ukoo mzima ulichanga. Wenye wagonjwa wa kupeleka kule wanajua ninachosema: unaondoka na bahasha ya majibu ya vipimo, roho iko mkononi, na simu inalia kila saa ndugu wakiuliza "vipi huko?"

Basi bwana, kitanda cha jirani alikuwepo mzee mmoja wa Kihindi aliyekwisha kupasuliwa, anaendelea vizuri. Mkewe nikawa namwita Anti. Watu wa Chennai wana mtindo wa kumwita kila binti "ma", kwa mapenzi tu, kwa hiyo siku za mwanzo Anti akiita "ma" nilikuwa nageuka kumtazama mama yangu. Anti alikuwa na nywele, msomaji wangu, we acha tu. Nyeusi, nzito, msuko mmoja unaofika chini ya kiuno. Nikamsifia. Akacheka, akasema, "Jumanne naenda kuzinyoa zote."

Nikajua natania na mtu mwenye utani wa ajabu. Kumbe mwenzangu hana utani. Siku mumewe anaingizwa chumba cha upasuaji aliweka nadhiri: mume akitoka mzima, nywele zake zote atampelekea mungu wao Venkateswara, juu ya mlima wa Tirumala. Mume ametoka mzima. Deni ni deni. Akaniuliza kama nataka kumsindikiza.

Mama yangu ni mtu wa kanisani, kwaya ya akina mama haikosi. Nilidhani atagoma. Akanitazama, akasema, "Nenda mwanangu, umekaa humu ndani hadi umekuwa kama mgonjwa wewe. Macho kutazama si dhambi. Ila usije ukaniombea kwenye mlango ambao mimi mwenyewe sijabisha hodi." Operesheni yake ilikuwa Alhamisi.

Jumanne alfajiri tukapanda basi. Kutoka Chennai hadi mji wa Tirupati, jimbo la Andhra Pradesh, ni kama kilomita 135 hivi, saa nne kwa mwendo wa barabara ile. Tirupati ni mji wa chini. Hekalu lenyewe liko juu, Tirumala, mita zaidi ya 800 kutoka usawa wa bahari, katikati ya vilima saba. Wahindu wanasema vilima vile ni vichwa saba vya nyoka Adisesha, yule ambaye mungu Vishnu hulala juu yake. Ukivitazama kutoka kwenye basi asubuhi, ukungu umekaa mabegani, unaelewa kwa nini mtu wa kale aliona nyoka.

Kabla ya kupanda mlima kuna kizuizi mahali panaitwa Alipiri. Mabegi yote yanapekuliwa. Sigara hairuhusiwi kupanda, pombe hairuhusiwi, nyama hairuhusiwi. Na hata maua! Mwanamke haruhusiwi kujipamba maua kichwani akiwa juu kule, kwa sababu maua yote ya mlima ule ni ya mungu peke yake. Kwa wanawake wa kusini ya India, ambao bila jasmini kichwani hujisikia kama hawajavaa, hilo si jambo dogo.

Wengine hawapandi basi. Kutoka Alipiri kuna njia ya ngazi zaidi ya 3,500, na watu wanazipanda miguu peku, wengine wakipaka manjano na unga mwekundu kila ngazi, wengine kwa magoti zile za mwisho. Njia ile inapita msituni. Agosti 2023 chui alimuua mtoto wa kike wa miaka sita hapo hapo njiani, na baada ya hapo mahujaji wakawa wanagawiwa fimbo. Lakini watu hawakuacha kupanda. Mimi na Anti tulikwea na basi, barabara ya kona kona ambayo tumbo langu halitaisahau.

Humo ndani ya basi ndimo Anti aliponipa hadithi. Shika kiti, maana ni tamu.

Zamani mwenye hekima mmoja, Bhrigu, alitumwa kupima ni mungu yupi mkubwa. Akamkuta Vishnu amepumzika, hakusalimiwa upesi, akapandisha hasira akampiga teke la kifua. Vishnu badala ya kukasirika akamkanda mguu na kumuuliza kama ameumia. Sasa, kifua cha Vishnu ndipo anapokaa mkewe, Lakshmi. Mama wa watu akasema: mimi napigwa teke nyumbani kwangu na wewe unambembeleza aliyenipiga? Akafungasha virago akaondoka. (Hapo Anti alinitazama kama mtu anayesema, si ungeondoka na wewe?)

Vishnu akateremka duniani kumtafuta, akawa mtu anayeitwa Srinivasa, akajificha kwenye kichuguu pale milimani. Ng'ombe mmoja wa mfalme akawa kila siku anakwenda kummiminia maziwa. Mchungaji kuona maziwa yanapotea, akainua shoka kumpiga ng'ombe, shoka likampata Srinivasa kichwani. Jeraha likapona lakini nywele za pale hazikuota. Binti mmoja wa kimbingu, Neela Devi, akaona upara ule, akakata nywele zake mwenyewe akazipandikiza pale. Srinivasa akamwahidi kuwa watu wakija mlimani wataacha nywele zao, na zote zitahesabiwa kuwa zake Neela.

Ndio mwanzo wa vinyozi.

Halafu Srinivasa akapenda. Binti anaitwa Padmavati, mtoto wa mfalme, aliokotwa kwenye ua la yungiyungi wakati baba yake analima. Mfalme akakubali, lakini harusi ya binti wa mfalme si mchezo, na bwana harusi anakaa kichuguuni. Hana mshiko! Kwetu pangeundwa kamati, kadi zikasambazwa, kikao kila Jumapili kwenye baa. Yeye hakuwa na kamati. Akakopa. Aliyemkopesha ni Kubera, mweka hazina wa miungu, na kiasi wanachokitaja ni sarafu za dhahabu milioni 11 na laki 4. Kihindi wanasema "lakh", na laki yetu imetoka huko huko, kwa taarifa yako. Mkataba ukaandikwa: riba italipwa mpaka mwisho wa zama hizi tulizo nazo.

Basi mahujaji wanapotumbukiza pesa kwenye hundi, lile sanduku la hekalu, imani yao ni kwamba wanamsaidia mungu wao kulipa deni la harusi. Mchango wa harusi usiokwisha! Nilicheka hadi Anti akacheka. Kisha akasema kitu kikanikata kicheko: "Mungu asiyekuwa na shida yoyote ningeongea naye nini, ma? Huyu anajua kudaiwa."

Hao wachangiaji wamekuwepo kitambo. Kwenye kuta za hekalu kuna mamia ya maandishi yaliyochongwa na waliotoa mali. Mwaka 966 malkia aliyeitwa Samavai alitoa sanamu ya fedha, vito na mashamba. Mfalme Krishnadevaraya wa dola ya Vijayanagara alikuja mara saba kati ya mwaka 1513 na 1521, kila safari na dhahabu, na sanamu zake na za wake zake wawili zimesimama ndani, mikono imekunjwa wakisalimu. Waingereza nao walipotawala walishika hesabu za hekalu, kisha mwaka 1843 wakawaachia watawa wa pale, na tangu miaka ya 1930 linaendeshwa na bodi maalumu chini ya sheria. Mwaka 2022 bodi hiyo ilitangaza amana zake: dhahabu tani 10 na zaidi benki, na fedha taslimu rupia bilioni 159. Umesoma vizuri. Tani.

Sasa tufike kwenye nywele.

Jengo la kunyolea linaitwa Kalyanakatta. Kunyolewa ni bure. Ukumbi mkubwa, sakafu imelowa, vinyozi wamekaa safu kwa safu, wanaume upande huu, wanawake wanawanyoa wanawake upande ule. Kazi ni usiku na mchana maana mahujaji ni watu elfu sitini, sabini kwa siku, na siku za sikukuu wanakaribia laki. Watoto wachanga wanalia. Vijana wa mjini wenye viatu vya bei mbaya wanatoka na vipara wanacheka. Nilimwona bibi arusi, hina bado iko mkononi, anainama.

Anti alikaa chini, akafungua msuko mwenyewe. Kinyozi mama wa makamo akazilowesha nywele, akazifunga mafungu mawili, akaanza kutoka utosini. Sauti ya wembe ni kama mtu anachana karatasi polepole. Haikufika dakika tano. Miaka zaidi ya thelathini ya mafuta ya nazi ikawa imelala sakafuni, na mtu wa kuzoa akapita akazitia chomboni pamoja na za wengine.

Anti akapapasa kichwa. Akanitazama. Nikawa sijui niweke wapi macho, kwa sababu kichwani kwangu, msomaji wangu, nilikuwa nimevaa lile wigi.

Hakusema kitu. Aliligusa tu kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

Nywele zile huchambuliwa kwa urefu, ndefu za wanawake ndizo zenye bei, kisha zinauzwa kwa mnada na hekalu linapata zaidi ya rupia bilioni 1 kwa mwaka. Wanunuzi wanazisafisha, zinakwenda viwandani, zinatoka wigi na nywele za kushonea, zinasambaa dunia nzima. Nisikudanganye, si kila wigi la Kihindi limetoka mlimani pale. Kuna mahekalu mengine, na nyingi ni zile za kuokotwa kwenye vitana. Lakini za Tirumala zina jina.

Na ziliwahi kuzua kizaazaa. Mwaka 2004 marabi wakubwa wa Kiyahudi walitoa hukumu kwamba wigi za nywele kutoka hekalu hili hazifai, kwa kuwa zimetolewa katika ibada ya mungu mwingine. Wanawake wa Kiyahudi wenye msimamo mkali, ambao wakiolewa hufunika nywele zao, wengi kwa wigi, wakazitoa vichwani. Huko Brooklyn, New York, na Jerusalem zikachomwa moto barabarani, wigi za mamia ya dola. Wengi wao walikuwa kama mimi, hawakujua.

Baada ya kuoga na kupakwa msandali kipara kizima, Anti akawa tayari kuingia. Alikuwa na tiketi ya rupia 300 inayofupisha foleni. Foleni ya bure inaweza kukuchukua zaidi ya nusu siku, umefungiwa kwenye vyumba vya kusubiria na maelfu ya wenzio, maziwa na chakula mnaletewa humo. Watu walikuwa bado na hofu. Tarehe 8 Januari mwaka huo huo, watu sita walikuwa wamekufa kwa kukanyagana kule chini mjini, wakigombea tokeni za kuingilia sikukuu. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita.

Pale mlangoni ndipo niliposimamishwa. Mgeni? Dini gani? Nikasema Mkristo. Karani, wala hakuwa mkali, akavuta fomu. Asiye Mhindu anaruhusiwa kuingia, ila lazima atie sahihi kwamba ingawa ni wa dini nyingine, ana imani na Venkateswara na anaomba kumwona. Hata Rais wa zamani wa India, Abdul Kalam, Mwislamu, alitia sahihi alipokwenda.

Karani akanipa kalamu.

"Tia sahihi, ma," Anti akasema. "Kisha umwombee mama yako. Keshokutwa ni Alhamisi."

Asikwambie mtu, niliishika ile kalamu. Nilifikiria ule mlango wa chumba cha upasuaji. Nilifikiria mume wa Anti anavyokunywa uji mwenyewe. Mtu akiwa na mgonjwa hachagui dawa, ukiambiwa kuna mzizi Bagamoyo utakwenda, ukiambiwa kuna mchungaji Mbezi utakwenda. Nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu. Nikaisoma tena ile sentensi inayosema nina imani. Sikuwa nayo. Nilikuwa na heshima, nilikuwa na woga, nilikuwa na mama. Nikaona nitaingia kwa mwenyewe na uongo mkononi, tena uongo kuhusu moyo wa mama yangu.

Nikarudisha kalamu. Karani akachukua fomu akaiweka pembeni, akamwita wa nyuma yangu.

Anti uso ulimwanguka, nadhani nilimuumiza. Kisha akafungua kiganja, akaniambia niandike jina la mama. Simu haziingii ndani, ndiyo daftari aliyokuwa nayo. Nikaliandika kwa herufi kubwa. Akaondoka peku na kipara chake cha njano, "Govinda! Govinda!" zikimmeza.

Nikabaki nje saa tatu. Nikala kwenye ukumbi wa chakula cha bure, ambacho wamekuwa wakigawa tangu 1985: wali, mchuzi wa dengu, achari. Hakuna aliyeniuliza dini, jani la mgomba likawekwa mbele yangu kama la tajiri aliye pembeni. Nikatazama mnara wa dhahabu wa hekalu unavyowaka jua la jioni. Ndani, alinieleza Anti, sanamu ni ya jiwe jeusi, na macho yamefunikwa kwa alama kubwa nyeupe ya kafuri, kwa sababu wanasema hakuna anayeweza kuhimili kutazamwa nayo waziwazi.

Alitoka analia na kucheka. Kumwona mungu wao ni sekunde chache, walinzi wanasukuma, twende twende. "Sekunde tano, ma. Nililipanga la mume wangu njia nzima. Nilipofika likanipotea. Likatoka la mama yako." Akanionyesha kiganja. Wino ulikuwa umeyeyuka kwa jasho.

Alikuja na ladu za hekalu. Ndiyo, ladu hizi hizi tunazozijua, ila hizi ni kubwa kama ngumi ya mtoto, samli tupu, iliki, zabibu, korosho, sukari mawe. Zinapikwa zaidi ya laki tatu kwa siku, na tangu 2009 zina hati ya kisheria, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuziita kwa jina lile. Septemba 2024 zilitikisa India nzima baada ya Waziri Mkuu wa jimbo kudai kuwa huko nyuma samli yake ilichanganywa mafuta ya wanyama, hadi Mahakama Kuu ya nchi ikaunda timu ya uchunguzi. Kwa watu wasiogusa nyama, fikiria. Nilimuuliza Anti kama hakuogopa. Akasema, "Mwizi akiiba sadaka, nimwache mungu au nimwache mwizi?"

Alhamisi mama aliingia saa mbili asubuhi. Saa sita nilikuwa bado koridoni, sijanywa hata maji. Mkono ukaingia kwenye pochi ukakuta ladu. Nililila lote, punje kwa punje, nikilamba karatasi. Saa nane na nusu daktari akatoka akivua barakoa.

Mama alipoweza kuongea, cha kwanza aliuliza kama nilitia sahihi. Nikamweleza yote, mpaka habari ya kiganja. Akanyamaza muda mrefu. Kanisani kwetu walifunga siku tatu kwa ajili yake, huyo naye kasema jina lake kwa sekunde tano mbele ya mungu wake. Akasema, "Mwite huyo mama nimshukuru." Anti akaja na kitambaa kichwani, wakashikana mikono, mmoja Kiswahili mmoja Kitamil, mimi katikati natafsiri machozi. Siku tatu baadaye mama akauliza ladu liko wapi. Nikamwambia ukweli. Alinuna mpaka jioni.

Sasa tuko nyumbani, mama anapanda ngazi mwenyewe. Wigi liko kwenye boksi chini ya kitanda. Si kwamba nimeokoka nalo, hapana, nikilivaa tu nasikia ule wembe. Shoga yangu mmoja wa Sinza anafukuzia harusi ya Desemba na amelitolea macho. Ameniuliza kama ni orijino, nikamwambia sana, hujui tu. Amefika laki mbili na nusu. Nimemwambia apande kidogo.